Samaki Waliopungua Wakati wa Utulivu: Uvuvi wa Ziwa George na Ziwa Edward

Ndugu msomaji, mwulize mzee yeyote wa Katwe, Kahendero au Hamukungu kuhusu ngege wa ujana wake, naye hatakujibu kwa maneno. Atanyoosha mkono wa kushoto na kuupima kwa mkono wa kulia, kuanzia ncha za vidole hadi karibu na kiwiko. Kisha atakuonyesha ngege wa siku hizi: kiganja na vidole, basi.

Ukiuliza kisa chake, majibu yatategemea unayemwuliza. Viongozi watasema ni wavuvi haramu. Wavuvi watasema ni askari, na leseni zisizowafikia. Sisi wa Bwera tutasema ni Wakongo; na ukivuka daraja la Mpondwe hadi Kasindi utaambiwa, bila kusitasita, kwamba ni Waganda. Kila mmoja ana wa kumlaumu, na kila mmoja huanza hadithi yake juzi. Katika makala haya nataka tuianze mapema zaidi, kwa sababu ziwa lina kumbukumbu ndefu kuliko mabishano yetu, na kumbukumbu hiyo hailingani vizuri na jibu lolote kati ya hayo.

Kwanza tuyafahamu maji yenyewe. Wilaya yetu ya Kasese inapakana na maziwa mawili. Ziwa George ni dogo, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 250, nalo ni la kina kifupi mno: kwa wastani mita 2.4 tu. Mtu mrefu akisimama juu ya mabega ya mwenzake angeweza kutembezwa sehemu kubwa ya ziwa hilo kichwa chake kikiwa juu ya maji, kama viboko wangemruhusu. Maji yake hutiririka polepole kupitia Mkondo wa Kazinga, chini ya daraja la Katunguru, hadi Ziwa Edward, ambalo ni kubwa takriban mara tisa na lenye kina cha hadi mita 112. Kutoka huko Mto Semliki huyachukua maji kuelekea Ziwa Albert na hatimaye Mto Nile. Sehemu kubwa ya Ziwa Edward, kiasi cha theluthi mbili na zaidi, iko Kongo. Mpaka uliochorwa na mkataba wa wakoloni wa mwaka 1910 unapita majini, mahali ambapo hakuna jiwe wala mti wa kumwonya mvuvi kwamba amekwisha kuwa mgeni.

Majina ya maziwa haya nayo ni somo. Wenyeji waliliita ziwa kubwa Rwitanzige, yaani linaloua nzige. Nawe mwanafunzi wa Kiswahili umeshalitambua neno nzige ndani yake, kwa kuwa lugha zetu ni ndugu. Mwaka 1889 Henry Morton Stanley aliliita Edward kwa heshima ya mwana wa malkia wa Uingereza. Mwaka 1973 likaitwa Ziwa Idi Amin Dada, jina lililodumu mpaka mwenyewe alipokimbia nchi mwaka 1979. Ngege hawakuulizwa.

Na kwa kuwa tumegusa lugha, niongeze tahadhari moja. Kila mwaka darasani hujitokeza mwanafunzi anayeandika kwamba nyumbani kwao walikula mamba kwa mchuzi wa karanga, na mgeni kutoka pwani akisoma insha hiyo atashtuka. Huku Uganda mamba ni yule samaki mrefu mwenye mapafu, anayeweza kujizika matopeni wakati wa kiangazi. Wenzetu wa Kenya na Tanzania humwita kamongo. Mamba wa Kiswahili sanifu ni yule mwenye meno. Jambo la ajabu ni kwamba huyo mwenye meno, ambaye leo anaota jua kando ya Mkondo wa Kazinga, hakuwamo katika maziwa haya zamani. E. B. Worthington, mtaalamu wa samaki aliyeyachunguza maziwa ya Afrika Mashariki mwaka 1930 na 1931, aliona kwamba Edward na George hayakuwa na mamba wala sangara, ingawa wote wawili walikuwepo katika Ziwa Albert lililo chini yake. Sangara hayumo mpaka leo. Ndiyo maana furu wa huku, wale samaki wadogo wa aina nyingi, hawakupatwa na maangamizi yaliyowapata furu wa Ziwa Victoria baada ya sangara kupandikizwa huko.

Sasa tuje kwenye historia ya watu. Kabla ya wakoloni, samaki wa maziwa haya walikwenda pamoja na chumvi ya Katwe. Chumvi ilikuwa mali ya kupiganiwa na wafalme. Kapteni Lugard alipopita mwaka 1891 alijenga ngome hapo hapo Katwe, wala hakuijenga kwa ajili ya mandhari. Palipo na chumvi samaki hawaozi, na wasipooza husafiri. Samaki waliokaushwa walipanda milima hadi kwa Wakonzo na kuvuka hadi nchi ya Kongo ya leo, wakabadilishwa kwa mihogo, maharage na ndizi. Uvuvi haukuwa ukulima wa maskini. Ulikuwa nusu ya biashara moja kubwa.

Biashara hiyo ilivunjwa na maradhi. Katika miaka ya 1890 sotoka iliwamaliza ng'ombe wa Wasongora. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukaja ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o, na serikali ya kikoloni ikawahamisha watu kutoka kando ya maziwa na kuupiga uvuvi marufuku. Ukienda leo kutazama simba katika mbuga ya Kasenyi na kuambiwa kwamba unaona nyika ambayo binadamu hakuigusa, kumbuka kwamba sehemu ya upweke huo ilitengenezwa. Wanyama waliongezeka mahali ambapo watu waliondolewa.

Watu waliporuhusiwa kurudi, hawakurudi kama wenyeji bali kama wenye vibali. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu, nami naomba uniruhusu nikae kidogo.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilianzisha shirika la kuuza samaki, lililojulikana kwa kifupi kama TUFMAC, na kulijengea kiwanda Kasenyi, ukingoni mwa Ziwa George. Shirika hilo lilipewa haki ya pekee ya kununua samaki wa ziwa hilo. Mvuvi alikuwa na leseni, mtumbwi wake uliandikishwa, nyavu zake zilikuwa na kipimo cha macho kilichowekwa na serikali, na samaki wake walikuwa na mnunuzi mmoja. Kiwandani waligandishwa, walitiwa chumvi au walikaushwa kwa moshi. Wengine walivuka mpaka kwenda Kongo. Wengine walikwenda kuwalisha wachimbaji wa shaba wa Kilembe, mgodi ulioanza uzalishaji mwaka 1956, mwaka ule ule reli kutoka Kampala ilipofika Kasese.

Katikati ya hayo, mwaka 1952, ilitangazwa hifadhi ya taifa iliyoitwa kwanza Kazinga, na miaka miwili baadaye ikapewa jina la Malkia Elizabeth. Vijiji vya wavuvi vilijikuta ndani ya uzio usioonekana. Viliruhusiwa kubaki, lakini kwa masharti: havikuruhusiwa kulima. Fikiri maana yake. Mkulima wa milimani mavuno yakimtupa anaweza kuteremka akatafute samaki. Mvuvi wa Kahendero ziwa likimtupa hana shamba la kukimbilia. Nyuma ya nyumba yake kuna tembo, na nyuma ya tembo kuna sheria. Tangu siku hiyo kila mtoto aliyezaliwa katika vijiji hivyo alizaliwa akiwa na ajira moja tu machoni pake, ilhali idadi ya mitumbwi ilikuwa imekwisha kupangwa.

Basi, hiyo ndiyo iliyokuwa enzi ya utaratibu. Wazee huikumbuka kwa mapenzi, na wana haki: mishahara ililipwa, gari la barafu lilikuja, mwizi wa nyavu alikamatwa. Ikiwa ni kweli kwamba uvuvi haramu peke yake ndio uliowamaliza ngege, tungetarajia kuwakuta wakinenepa katika miaka hiyo. Lakini mwaka 1973 mtafiti J. J. Gwahaba alichapisha matokeo ya kulinganisha vipimo vya ngege wa Ziwa George katika muda wa miaka ishirini. Mwaka 1950 ngege aliyevuliwa alikuwa na uzito wa wastani wa kilo 0.9. Mwaka 1970 alikuwa na kilo 0.4.

Soma tena tarakimu hizo, msomaji. Uzito ulipungua kwa zaidi ya nusu, na ulipungua kabla ya Amin kuchukua nchi, kabla ya shirika kuanguka, kabla ya vita na kabla ya vijana wa leo kuzaliwa. Ulipungua wakati leseni zilikuwa zikikaguliwa na nyavu zikipimwa.

Iliwezekanaje? Wavu wenye macho makubwa huwakamata wakubwa na kuwaachia wadogo. Jambo hilo ni jema kwa msimu mmoja. Lakini ukiwaondoa wakubwa mwaka baada ya mwaka, wanaobaki kuzaa ni wale wanaowahi kuzaa wakiwa wadogo, na ngege ana tabia hiyo hasa: akibanwa hukomaa mapema na kubaki mfupi. Kiwanda kilihitaji tani, na tani zilipatikana. Kwa muda mrefu jumla ya mavuno ilionekana nzuri kwenye vitabu huku samaki mmoja mmoja akisinyaa. Anayehesabu tani haoni kiwiko kikigeuka kiganja.

Wala ziwa lenyewe halikuwa na kasoro ya kulaumiwa. Wanasayansi waliopiga kambi Kasenyi tangu katikati ya miaka ya 1960 walilikuta kuwa miongoni mwa maji yenye rutuba kubwa. Rangi yake ni kijani mwaka mzima kwa wingi wa mwani, kwa sababu hapa karibu na ikweta jua halina likizo na upepo wa alasiri hulikoroga ziwa hadi chini. Waligundua pia kwamba ngege ni mmoja wa samaki wachache wanaoweza kumeng'enya aina hiyo ya mwani. Aliishi ndani ya chakula chake, kama mtu aliyejenga nyumba ndani ya ghala. Hakudhoofika kwa njaa.

Nisieleweke vibaya. Siwatakasi wavuvi. Katika miaka ya 1970 shirika lilidhoofika na kufa, usimamizi ukafa nalo, na tangu hapo maovu yalizidi: kokoro zinazokokotwa ufukweni zikizoa mayai na vifaranga, nyavu za macho madogo, uvuvi wa usiku katika mazalio ya kando ya matete. Mengi yanaendelea. Ninachosema ni kwamba mambo hayo yaliukuta mwili uliokwisha kudhoofika, na anayeanza hadithi hapo amempa daktari nusu ya maelezo.

Tena kuna mambo ambayo mvuvi hakuyagusa kabisa. Mgodi wa Kilembe ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini mabaki ya mawe yake yenye shaba na kobalti yalibaki, mengine karibu na mji wa Kasese, mengine kandokando ya Mto Nyamwamba. Mvua ikinyesha hutoa maji makali yenye tindikali, na njia yake ndani ya hifadhi ilionekana kwa macho: ukanda usioota nyasi, ukielekea Ziwa George. Mei 2013, na tena Mei 2020, Nyamwamba ulifurika kwa nguvu iliyobomoa madaraja, nyumba na sehemu za hospitali ya Kilembe. Tulilia kwa ajili ya watu na nyumba, kama ilivyotupasa. Wachache waliuliza matope yale yote yalikwenda kutua wapi. Yalifuata mteremko, na mwisho wa mteremko ni ziwa lenye kina cha mita mbili na nusu, ambalo tangu mwaka 1988 linatambuliwa kimataifa kuwa ardhioevu muhimu, la kwanza Uganda kupata heshima hiyo.

Upande wa Kongo nako kulikuwa na msiba wake. Katika miaka ya 1970 hifadhi ya Virunga ilikuwa na viboko zaidi ya 20,000. Kufikia miaka ya 2000 walikuwa wamebaki chini ya 1,000, wameuawa na watu wenye bunduki za vita kwa ajili ya nyama na meno. Kiboko hula nyasi nchi kavu usiku na kurudisha samadi majini mchana. Yeye ndiye mbolea ya ziwa. Wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge waliusema uhusiano huo kwa lugha rahisi: viboko wamekwisha, na samaki wanawafuata.

Sasa tufike siku zetu. Mwaka 2003 Uganda iliweka kanuni za kuunda kamati za usimamizi wa mialo. Mwalo, kwa mwanafunzi anayelikuta neno hili mara ya kwanza, ni mahali mitumbwi inapotia nanga na samaki kupimwa na kuuzwa. Wingi wake ni mialo. Katika kamati hizo walikaa wenye mitumbwi, vibarua wao na wachuuzi, wanawake wakiwemo. Zilikuwa na kasoro zake, na rushwa ilitajwa sana. Mwishoni mwa mwaka 2015, wakati wa kampeni za uchaguzi, Rais alizisimamisha. Mwaka 2017 kazi ya kulinda maziwa ikakabidhiwa jeshi. Nyavu na mitumbwi isiyotimiza kipimo ilichomwa moto kwenye maziwa ya Uganda. Katika maeneo kadhaa samaki wakubwa walionekana tena, na wakati huo huo malalamiko ya vipigo yakafika mpaka bungeni. Mambo yote mawili ni kweli, na raia mwema hatakiwi kuchagua moja na kulificha jingine.

Tatizo langu na mpango huo haliko kwenye bunduki pekee. Liko kwenye swali la nani anayehesabu. Kamati ya mwalo, hata ikiwa dhaifu, ilijua mtumbwi upi ni wa nani. Askari wa doria hujua mtumbwi una urefu gani. Kwenye maziwa ya Uganda wafanyakazi wa mitumbwini huitwa baria, neno lililotokana na baharia la Kiswahili, na baria mara nyingi hana mtumbwi wala wavu. Mwenye leseni anaweza kuwa mtu wa mjini ambaye viatu vyake havijapata kulowa. Wavu haramu ukikamatwa, anayelala mahabusu ni baria. Na mwanamke anayekausha samaki kwa moshi, ambaye mtaji wake wote uko katika karai moja, hurudi nyumbani na karai tupu bila jina lake kuandikwa popote.

Majini, mpaka umegeuka kuwa hatari zaidi. Mvuvi anayefuata samaki katika Ziwa Edward hukamatwa upande huu au ule, na familia yake huuza mbuzi ili kumkomboa. Julai 2018 wanajeshi wa majini wa nchi hizi mbili walifyatuliana risasi ziwani na watu kadhaa wakafa. Mwaka huo huo serikali zetu zilitia saini makubaliano ya kusimamia kwa pamoja uvuvi wa maziwa Edward na Albert. Mwaka 2022 Kongo ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka huo huo baraza letu la mawaziri likaridhia Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni. Huenda ukaona mambo hayo hayahusiani. Mimi nayaona yanahusiana sana. Doria ya Uganda na mvuvi wa Kyavinyonge wakikutana alfajiri katikati ya maji, lugha inayoweza kuwafaa wote wawili kabla mtu hajagusa silaha ni hii unayojifunza.

Lipo jambo moja la mwisho, nalo liko katika Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 237. Inasema kwamba serikali inayashika maziwa ya asili, mito, ardhioevu na hifadhi kwa niaba ya wananchi na kwa manufaa yao. Amana ni neno lenye uzito katika Kiswahili: aliyepewa amana anaweza kuulizwa hesabu yake wakati wowote na mwenye mali.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii, kwa wanafunzi wangu na kwa yeyote anayesoma akiwa mbali, si insha. Nendeni mwalo ulio karibu nanyi, au sokoni kama mnaishi Bwera, mkiwa na rula. Ombeni ruhusa kwa adabu, msalimieni muuzaji kwanza, kisha mpime ngege kumi kutoka mdomo hadi mwisho wa mkia na kuandika urefu wa kila mmoja. Halafu mwombeni mzee mmoja aliyevua kabla ya mwaka 1970 awaonyeshe kwa mkono, nanyi mpime mkono. Kama ofisi ya uvuvi iko karibu, ulizeni mitumbwi yenye leseni ni mingapi na wenye mitumbwi hiyo wanaishi wapi. Swali hilo la mwisho liulizeni mkiwa wawili au watatu, wala msitoke kabla ya kujibiwa.